Mwamba Unaoeleza Habari za Mwezi

Maneno mliyoyasikia redioni yamepigwa chapa hapa ili mpate kuyasoma polepole. Ndani yake mtakuta hesabu chache, za kuzidisha na kugawanya tu. Usizipite kwa macho. Chukua kalamu na karatasi, uzifanye mwenyewe, kwa maana somo la leo lote limesimama juu ya hesabu hizo.

Katika somo lililopita nilisema kwamba zamani za kale siku moja ilikuwa na saa chache kuliko 24, na ya kwamba mwezi ulikuwa karibu na dunia kuliko ulivyo leo. Baada ya somo lile mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nani alikuwako akahesabu?" Wengine waliokuwapo walicheka, lakini mimi sikucheka. Swali lile ni la haki kabisa. Neno halipati kuwa kweli kwa sababu limesemwa redioni, na mtu anayeuliza shahidi ni nani ndiye mwanafunzi hasa.

Leo basi namjibu mzee huyo. Mtu hakuwako. Hata mnyama mwenye miguu hakuwako. Lakini palikuwa na bahari, na palikuwa na mchanga na tope, na bahari ilikuwa ikiandika hesabu yake katika tope lile kila siku. Maandiko hayo yako mpaka leo, yamegeuka mawe. Kazi ya wataalamu imekuwa kujifunza kuyasoma, kama ninyi mnavyojifunza kusoma, na kama mtakavyoona, wao pia wamepata kukosea.

Kwanza tuangalie bahari. Watu wa pwani mtanivumilia, maana nawaeleza ndugu zetu wa bara jambo ambalo ninyi mmelijua tangu utotoni. Maji ya bahari hujaa na kupwa. Katika pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kama dakika 50. Yakijaa leo saa 4 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 4 na dakika 50. Kwa nini yachelewe? Kwa sababu yanamfuata mwezi, na mwezi nao huchelewa kila siku kiasi hicho hicho. Mwezi ndio unaoyavuta maji. Jua nalo huyavuta, ila kwa nguvu ndogo zaidi.

Sasa, mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mwezi na jua na dunia huwa katika mstari mmoja, na nguvu za mwezi na jua hufanya kazi pamoja. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Huko Unguja wakati wa bamvua maji hupanda mita 3 na zaidi, na yakipwa huacha ufuo mpana mtupu. Kina mama wanaolima mwani huko Paje hupanga kazi yao kwa kufuata bamvua, kwa kuwa ndipo wapatapo kuingia shambani mwao kwa miguu. Baada ya kama siku saba mwezi huwa nusu, nguvu za jua na mwezi hupingana, na maji huja kwa uvivu. Hayo huitwa maji mafu. Kutoka bamvua moja hata bamvua ya pili ni siku 14 na robo tatu hivi. Bamvua mbili hufanya mwezi mmoja wa siku 29 na nusu.

Ukiyashika hayo, umekwisha kushika nusu ya somo.

Nusu ya pili ni tope. Maji yanapopita kwa nguvu huchukua mchanga. Yanapotulia huuacha, na juu ya mchanga hushuka tope laini. Katika pahali panapofaa, penye maji matulivu kidogo karibu na mdomo wa mto, kila yanapopwa maji huacha tabaka moja jembamba la mchanga lenye utando wa tope juu yake. Siku za bamvua maji yana nguvu, huchukua mchanga mwingi, basi tabaka huwa nene. Siku za maji mafu tabaka huwa jembamba, au halipo kabisa, bali tope tupu. Kwa hiyo ukikata tope hilo kwa kisu utaona mistari: mwembamba, mnene kidogo, mnene zaidi, kisha unarudi kuwa mwembamba. Fungu moja la namna hiyo ni safari moja kutoka maji mafu hata maji mafu. Ni kama daftari la mwenye duka, ambalo siku ya soko mauzo ni makubwa na siku nyingine ni madogo. Hata kama tarehe hazikuandikwa, ukilifunua utajua siku za soko zilikuwa zipi.

Mtu wa pwani atasema, "Mimi nimechimba tope mara nyingi wala sikuona mistari." Ni kweli. Kaa na minyoo huchimbua na kuvuruga tope kila siku, na mistari hufutika. Lakini miaka milioni 600 na zaidi iliyopita wachimbaji hao karibu wote hawakuwako. Tope lililala kama lilivyolazwa. Likafunikwa na tope jingine, na jingine, likagandamizwa, likawa mwamba.

Mwamba mmoja wa namna hiyo uko Australia Kusini, katika milima iitwayo Flinders, mahali paitwapo Pichi Richi. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 600. Katika hesabu zetu tutaweka milioni 620. Leo ni nchi kavu. Zama hizo palikuwa ukingo wa bahari, na dunia ilikuwa katika zama za barafu kali. Mwamba wenyewe ni mwekundu wa kahawia, na matabaka yake ni membamba mno, mengi hayafiki unene wa milimeta 1. Mjuzi wa miamba wa Australia, jina lake George Williams, ndiye aliyeushughulikia kwa miaka mingi. Ardhi ilitobolewa kwa mashine, zikatolewa nguzo ndefu za mwamba, karibu mita 10 za matabaka yasiyokatika, na matabaka hayo yakapimwa moja moja.

Hapa ndipo penye kosa nililolitaja. Mwanzoni Bwana Williams hakufikiri habari za mwezi. Mwaka 1981 alieleza kwamba kila tabaka ni mwaka mmoja: barafu huyeyuka wakati wa joto, maji huleta mchanga ziwani, basi tabaka moja. Alipohesabu matabaka katika kila fungu akapata kama 11 au 12. Naye alijua kwamba jua lina madoa meusi usoni pake, ambayo huongezeka na kupungua kwa muda wa kama miaka 11. Loo! Ilionekana kwamba mwamba ule umeandika tabia ya jua ya zamani za kale. Wajuzi wa jua walifurahi sana, na habari ile ikachapwa katika magazeti makubwa ya sayansi.

Lakini mambo mengine hayakukaa sawa. Katika baadhi ya mafungu matabaka yalikuwa 8, katika mengine yakafika 16. Na matabaka mengine, yalipotazamwa kwa makini, yalikuwa na utando wa tope wa namna inayoachwa na maji ya bahari yanayojaa na kupwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bwana Williams mwenyewe aliiacha fikira yake ya kwanza. Alisema: tabaka moja si mwaka, ni siku, na fungu si miaka 11 ya jua, ni siku za kutoka maji mafu hata maji mafu mengine. Mimi humsifu kwa jambo hilo kuliko kwa ugunduzi wenyewe. Si rahisi kwa mtu aliyekwisha kusifiwa na dunia nzima kusimama na kusema kwamba alisoma vibaya.

Basi tusome naye upya. Kwanza, mbona mafungu mengine yana matabaka 8 tu, na siku za kutoka bamvua hata bamvua ni karibu 15? Kwa sababu siku za maji mafu maji yalikuwa hayana nguvu ya kufika pale na mchanga. Siku hizo hazikuandikwa. Mafungu yaliyokamilika, yenye matabaka 14 hadi 16, ndiyo yanayotupa hesabu ya kweli. Kutokana nayo ilionekana kwamba mwezi mmoja, tangu kuandama hata kuandama tena, ulikuwa na kiasi cha siku 30 na nusu.

Pili, mwaka. Usawa wa bahari hupanda na kushuka kidogo kwa majira ya mwaka, na jambo hilo pia lilionekana mwambani: mafungu hunenepa na kukonda, kisha hunenepa tena, kila baada ya mafungu 26 na kidogo, yaani 26.2. Mafungu mawili ni mwezi mmoja. Gawanya 26.2 kwa 2, unapata 13.1. Basi mwaka ule wa kale ulikuwa na miezi 13 na sehemu moja ya kumi ya mwezi. Leo mwaka wetu wa jua una miezi ya kuandama 12 na theluthi moja na kidogo.

Sasa andika ubaoni. Mwezi ulikuwa na siku 30.5. Mwaka ulikuwa na miezi 13.1. Zidisha. Utapata 399.55, yaani siku 400 hivi kwa mwaka.

Tusimame hapa kidogo, maana wengine mtasema, "Kumbe mwaka ulikuwa mrefu!" Hapana. Mwaka ni safari moja ya dunia kulizunguka jua, na safari hiyo haikubadilika kwa kiasi cha kutuhangaisha. Kilichobadilika ni siku. Leo mwaka una siku 365 na kila siku ina saa 24. Zidisha 365 kwa 24: ni saa 8,760. Chukua saa hizo hizo 8,760 uzigawanye katika siku 400. Jibu ni 21.9. Siku moja, usiku na mchana pamoja, ilikuwa na saa 22 kasoro dakika 6.

Nisiwadanganye kwamba hesabu hii haina pengo. Wataalamu wenyewe husema siku za mwaka ni 400, lakini huenda zikapungua au kuzidi kama 7. Mwenye kupima kitu cha kale namna hii akikupa tarakimu moja tu bila kukuambia anaweza kukosea kwa kiasi gani, mtilie shaka.

Mwamba ule ulitoa jambo moja zaidi. Njia ya mwezi angani imeinama kidogo, na mwinamo huo wenyewe hugeuka polepole, ukirudi mahali pake kila baada ya miaka 18 na nusu na kidogo, yaani 18.6. Bahari huusikia mgeuko huo. Na kwa kuwa nguzo za Pichi Richi zilikuwa na matabaka ya kama miaka 60 mfululizo, mgeuko huo ulionekana humo, ila si kwa miaka 18.6, bali kwa kama miaka 19 na nusu. Wajuzi wa nyota wanajua kwamba mwezi ukiwa karibu na dunia, mgeuko huo huchukua muda mrefu zaidi. Wakapiga hesabu yao. Leo mwezi uko mbali nasi kilometa 384,400 kwa wastani. Zama zile ulikuwa mbali kiasi cha kilometa 371,000.

Kwa nini umesogea? Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na mwezi huizunguka dunia kwa muda wa siku 27 na zaidi. Kwa hiyo dunia ina haraka kuliko mwezi. Maji yanayoinuliwa na mwezi huchukuliwa na dunia yakawa mbele kidogo ya mwezi. Maji hayo nayo yana uzito, nayo huuvuta mwezi kwenda mbele, na mwezi ukivutwa mbele hupanda katika njia pana zaidi. Papo hapo maji, yakisugua sakafu ya bahari, huizuia dunia kama breki inavyozuia gurudumu la baisikeli. Dunia hupunguza mwendo, siku hurefuka, mwezi huenda mbali. Kurefuka kwa siku ni kudogo mno, kiasi cha sehemu 2 katika sehemu 1,000 za sekunde moja kwa kila miaka 100. Lakini mara milioni nyingi hufanya saa.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1969 Wamarekani wa chombo kiitwacho Apollo 11 waliacha juu ya mwezi kifaa chenye vioo. Wataalamu hupeleka mwanga kutoka duniani, ukagonga vioo hivyo na kurudi, nao hupima muda wake. Kwa njia hiyo tunajua kwamba mwezi unakwenda mbali nasi sentimeta 3.8 kila mwaka, karibu sawa na kucha zako zinavyokua.

Sasa tufike kwenye kitendawili kilichowasumbua wataalamu miaka mingi. Ukigawanya kilometa 384,400 kwa sentimeta 3.8 za kila mwaka utapata miaka milioni 10,000 na zaidi, na utadhani hapana taabu. Lakini mwezi ukiwa karibu huvuta kwa nguvu zaidi, na kwa hiyo husukumwa upesi zaidi. Wataalamu walipoirudisha hesabu nyuma sawasawa, wakifuata nguvu ya maji ya leo, waliuona mwezi ukiigonga dunia miaka milioni 1,500 tu iliyopita. Nao mwezi una umri wa miaka milioni 4,500 hivi! Mawe yaliyoletwa kutoka huko kati ya mwaka 1969 na 1972 yanashuhudia. Basi ama umri si sawa, ama hesabu ina kosa. Kosa lilikuwa wapi?

Mwamba wa Pichi Richi ulisaidia kulionyesha. Toa 371,000 katika 384,400: zimebaki kilometa 13,400. Hizo ni sentimeta milioni 1,340. Zigawanye kwa miaka milioni 620. Utapata sentimeta 2 na kidogo kwa mwaka, si 3.8. Yaani kwa wastani wa muda huo wote mwezi ulikwenda polepole kuliko unavyokwenda leo. Leo ndiyo yenye haraka isiyo ya kawaida.

Sababu yake ni umbo la bahari zetu. Mwangalie mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Maji ndani ya ndoo yana mwendo wao wa kuyumba. Hatua zake zikilingana na mwendo huo, maji huruka na kumlowesha. Akibadili hatua, hutulia. Ndiyo maana wengine huweka majani juu ya maji. Bahari nazo ni kama ndoo. Bahari ya Atlantiki ya leo ina upana ambao kuyumba kwake kunakaribiana na hatua za mwezi, basi maji huruka sana na breki hukaza sana. Zamani mabara hayakuwa pahali yalipo leo. Bahari zilikuwa na maumbo mengine, na siku ilikuwa fupi, hatua hazikulingana, na breki ililegea. Kwa njia hiyo mwezi umepata nafasi ya kuishi miaka yake yote milioni 4,500 bila ya kuigonga dunia.

Wengi mtauliza, je, kuna mwamba wa kale zaidi? Uko, na uko katika bara letu. Katika milima ya Makhonjwa karibu na mji wa Barberton, Afrika Kusini, kuna mawe ya mchanga yaliyolazwa na maji ya kujaa na kupwa miaka kama milioni 3,200 iliyopita. Nayo yana mafungu yanayonenepa na kukonda. Ni dalili kwamba bamvua na maji mafu vilikuwako hata wakati ule, na mwezi ulikuwa ukifanya kazi yake. Lakini matabaka yanayohesabika pale ni machache, na daftari lenye kurasa chache halikwambii mauzo ya mwaka. Kwa hiyo sitawapa tarakimu ya umbali wa mwezi kutoka Barberton. Nyuma zaidi ya hapo, tangu mwezi ulipotokea, hatuna tope la kusoma. Wataalamu wengi hushika kwamba kitu kikubwa, kama sayari ya Mirihi kwa ukubwa, kiliigonga dunia ikiwa changa, na vipande vilivyoruka vikakusanyika karibu sana nasi, vikawa mwezi. Hayo wanayajua kwa mawe ya mwezini na kwa hesabu, si kwa mchanga.

Sasa kazi ya nyumbani. Kwanza: ukiambiwa kwamba zama fulani siku ilikuwa na saa 20, mwaka ulikuwa na siku ngapi? Pili: mwezi wa kuandama wa leo una siku 29.5 za saa 24, na ule wa kale ulikuwa na siku 30.5 za saa 21.9. Upi ulikuwa mrefu? Usijibu kabla ya kuzidisha, maana wengi hukimbilia siku wakasahau saa.

Na ninyi wa pwani mna kazi ya tatu. Siku mwezi utakapoandama, chomekeni mti mrefu pahali maji yanapofika, mkatie alama yalipojaa kila siku kwa muda wa siku 15, mkiandika na saa yake. Walimu watuletee karatasi hizo. Wa bara nao waandike kila siku saa ambayo mwezi umechomoza au umetua. Tutaziweka karatasi za pande zote mbili pamoja tuone kama zinapatana.

Kwaherini.